Mtoto wa Zamu Yangu

Mume wangu alipokufa aliacha wajane wawili, mabinti watatu na mimba moja. Mabinti ni wangu. Mimba ilikuwa ya mwenzangu.

Mume wangu alikuwa mkwezi. Tangu ujana wake alipanda minazi ya watu, na baadaye akawa na ya kwake pia, shamba aliloachiwa na baba yake, na nyumba yetu imo ndani ya shamba hilo. Watu wakisikia kazi yake hudhani alianguka. Hakuanguka. Asubuhi alilalamika kichwa, akasema anajinyoosha kidogo, na adhuhuri nilipokwenda kumwamsha kwa sala sikumkuta tena. Hospitali walisema presha. Tulimzika siku ile ile.

Baada ya hitma sheikh alikaa barazani na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndugu yake pekee aliyebaki. Sisi wanawake tulikuwa ukumbini, nyuma ya pazia. Shemeji aliuliza kwa adabu habari ya mirathi itakuwaje. Sheikh akamjibu kwamba haiwezi kugawanywa sasa.

"Kuna mrithi mmoja bado hajafika," alisema. "Tumngoje aje, tumwone ni nani."

Akaeleza taratibu, na najua alipaza sauti kidogo ili nasi tusikie. Mtoto akiwa wa kiume, atachukua mafungu mawili pale ambapo kila dada yake anachukua moja, na ami yake hatapata kitu. Akiwa wa kike, mabinti wote wanne watagawana theluthi mbili, na kitakachobaki kitamrudia ami. Sisi wajane fungu letu halibadiliki, thumuni, moja ya nane, ya kugawana.

Nilielewa vizuri kuliko alivyodhani. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Katika msiba ule yeye ndiye aliyeleta sukari na mchele, na hakuna siku aliyopita barazani bila kuuliza hali zetu. Lakini kwa muda mrefu alitaka shamba liuzwe. Kulikuwa na watu wanatafuta mahali pa kujenga nyumba za wageni, nao walikwisha kuja kulitazama. Kaka yake alikataa. Akipata fungu, hata dogo, atakuwa na haki ya kulidai, na fungu la mtu mmoja halichukuliki bila kugusa nyumba. Asipopata kitu, hana la kusema.

Kwa hiyo mwanamke mwenye akili, mwenye mabinti watatu na nyumba moja, angeomba mwenzake ajaliwe mtoto wa kiume. Mimi niliomba wa kike. Niliomba kila sala, mikono juu, na nikisema amina nilikuwa najua ninachokiomba na kitakachowapata wanangu.

Nieleze ilivyokuwa.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Shuleni kulikuwa na zamu ya kufagia, na nyumbani kwetu, kisiwani Juani, kulikuwa na zamu ya kisima. Anayeruka zamu ya mwenzake aliitwa mwizi, hata kama alichoiba ni ndoo moja. Nilipoolewa, na mume wangu alipokuja kuoa mke wa pili, neno zamu likaingia chumbani. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Nyumba ni moja, ukumbi katikati, mimi mkono wa kushoto na yeye mkono wa kulia. Mume wangu alikuwa mwadilifu wa zamu. Hata akiwa mgonjwa aliugulia chumba kinachostahili. Sina la kumsema katika hilo.

Labda kwa sababu hiyo nilidhani na Mungu anafanya hivyo. Nilizaa msichana, nikasema vema. Nikazaa wa pili, watu wakasema wa tatu atakuwa mvulana, ni zamu yake. Akaja wa tatu, msichana. Hapo nikawa na hakika ya wa nne kama mtu aliyekaa foleni mpaka akafika dirishani. Wa nne hakuja. Miaka ikapita, tumbo likawa kimya. Mume wangu hakunisema hata siku moja. Alipooa mara ya pili hakusema ni kwa ajili ya mtoto wa kiume. Hakuhitaji kusema, maana kijiji kizima kilimsemea.

Mwenzangu naye alikaa muda mrefu bila mimba, na sitasema kwamba nilihuzunika.

Kisha mama yangu akaugua Juani. Nikavuka na mtoto wangu mdogo kwenda kumuuguza. Nilitazamia kurudi upesi, lakini ugonjwa ukavuta. Mume wangu alinipigia simu, akaniuliza kwa ile adabu yake: zamu yako niiache hivi hivi, au nilale kwa mwenzio? Nikamwambia lala kwake, ya nini ulale peke yako na mke yupo. Nilisema kwa wepesi, nikiwa nimeshika kitambaa cha maji cha mama. Mama alipopona nikarudi nyumbani, na haukupita muda mrefu nikamwona mwenzangu hataki harufu ya samaki.

Nikahesabu nyuma. Mwanamke anajua kuhesabu hivyo hata asiposoma. Mimba iliingia siku nilizokuwa Juani, na nyingi ya siku hizo zilikuwa zangu.

Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo, nikilitazama lile tumbo nilikuwa natazama kitu kilichotoka mlangoni kwangu kikaingia mlango wa pili. Na sikuwa na shaka kwamba ni mvulana. Zamu yangu ilikuwa ya mvulana.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni mume wetu alipofariki, tukaingia eda sote wawili katika nyumba moja. Yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi. Yake ilikuwa tumboni. Mwenye mimba anatoka eda akijifungua, hata kama ni kesho. Nalo nililiona ni la kumwonea wivu, kwamba yeye amebeba ufunguo wake.

Tulikaa ukumbini, yeye mkeka wake na mimi mkeka wangu, nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila udi. Shangazi wa marehemu mume wetu alihamia kwetu kutuangalia. Wanawake walikuja kutupa pole. Walianza kwangu kwa sababu mimi ni mkubwa, wakanishika mkono, wakasema Mungu amlaze pema, kisha wakasogea kwake na huko ndiko wakakaa. Nililala na mume yule tangu nikiwa msichana, nilijua kila kovu alilolipata mnazini, nikapewa pole moja. Yeye alipewa mbili, ya mume na ya yatima aliye tumboni. Wakamletea ndizi, wakamletea supu ya pweza, wakamwambia kula, usile kwa ajili yako tu. Mimi nilikula kwa ajili yangu tu.

Kila aliyekuja alilisoma tumbo. Mmoja alisema limechongoka, mvulana. Mwingine alisema amependeza uso, mvulana, msichana humwibia mama yake uzuri. Wa tatu alimwambia anyooshe mikono, akamwona kainyoosha viganja chini, akasema msichana, wakaanza kubishana mbele ya wafiwa kama watu walio kwenye ngoma. Shangazi akawakatiza.

"Limechongoka kwa sababu hana nyonga," alisema. "Mimi yangu yote yalichongoka kama kata, na nikatoa wasichana, wavulana, na mmoja ambaye mpaka leo sijui ni nini, maana haoi wala hafanyi kazi."

Hata mwenzangu alicheka, akaficha mdomo kwa ukaya. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama uso nione kama kweli amependeza. Alikuwa amependeza.

Binti yangu mkubwa yuko sekondari. Alikuwa likizo, anakuna nazi uani nami nimekaa mlangoni. Aliwasikia wale wanawake, na walipoondoka akasema wanapoteza muda. Mwalimu wao wa baiolojia amewafundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua, na kwamba kila mimba ni nusu kwa nusu. Nikamuuliza, hata kama wa kwanza watatu ni wasichana?

"Hata kama ni kumi, mama. Kila mimba inaanza upya. Haijui waliotangulia walikuwa nini."

Akachukua kifuu alichomaliza kukikuna anionyeshe. Kikianguka chali ni msichana, kikianguka kifudifudi ni mvulana, urushe uone kama kinakumbuka. Akakirusha. Kikabembea, kikatulia chali. Akakirusha tena, chali. Mara ya tatu, chali. Mdogo wake wa pili, aliyekuwa anachambua mboga, akasema hata kifuu cha nyumba hii kinazaa wasichana watupu. Mkubwa akakasirika, akasema kifuu ni kizito chini, si mfano mzuri, angekuwa na sarafu tungeona. Lakini hakwenda kuitafuta.

Maneno yake yalinipoza kidogo na kuniumiza zaidi. Yalinipoza kwa sababu miaka yote ile lawama ilikuwa imekaa kwangu, na kumbe halikuwa tumbo langu. Yaliniumiza kwa sababu kama hakuna zamu, basi hakuna aliyeniibia, na mimi nilishazoea kuibiwa. Usiku niliendelea kuomba kama kawaida.

Mwenzangu alikuwa na ruhusa ya kutoka kwenda kliniki. Siku moja walimpiga picha ya tumbo. Alirudi na bajaji saa ya jua kali, akakaa kwenye mkeka wake, akavua viatu taratibu. Shangazi akamuuliza mtoto mzima? Mzima. Kichwa kiko chini? Kiko chini. Nilipoona hakuna anayeuliza zaidi, nikauliza mwenyewe.

"Walikuambia ni nani?"

"Nesi alitaka kuniambia, dada. Nikamwambia asiniambie."

"Kwa nini?"

"Naogopa kujua kabla yenu," alisema.

Sikumwamini. Nilijiambia ni jibu la mtu aliyekwisha kujua. Tangu hapo nikawa namvizia. Akitabasamu peke yake, nasema ni mvulana, anafurahia. Akilia, nasema ni mvulana, anamlilia baba yake asiyemwona. Shemeji akija barazani kuuliza hali zetu nyuma ya pazia, nilisikiliza sauti ya mwenzangu anavyomjibu, kama imejiamini au la. Kila kitu kilikuwa mvulana.

Ikafika siku nikashindwa. Mwenzangu alikuwa amelala, mabinti wameenda kuteka maji, na mimi na shangazi tulikuwa tunasuka ukili wa mikeka. Nikamwambia yote. Nikamwambia ya Juani, ya simu, ya siku nilizozihesabu. Nikamwambia mtoto yule ni wa zamu yangu. Shangazi alisuka mpaka akamaliza mkono wa ukindu aliokuwa nao ndipo akainua uso. Nilitazamia anihurumie au anikaripie.

"Na akiwa wa kike?" aliuliza.

"Akiwa wa kike nini?"

"Akiwa wa kike pia ni wa zamu yako? Au huyo ni wake?"

Nilitazama ukili wangu. Sikuwahi hata mara moja kumdai msichana. Msichana nilikuwa nimemwachia mwenzangu, achukue, ndiye niliyekuwa namwombea amzae. Na mimi nina watatu, wameniosha nguo, wamenipikia uji, wamelala miguuni pangu tangu baba yao azikwe.

"Usimwambie mtu mwingine maneno hayo, mwanangu," shangazi alisema, akachukua ukindu mwingine. "Si kwamba ni mabaya. Watakucheka."

Uchungu ulimshika mwenzangu asubuhi, baada ya chai, mvua ikinyesha. Shangazi alipanda naye bajaji. Mimi eda ilinizuia, nikabaki na mabinti. Nilifagia ukumbi. Nikaufagia tena. Nikatandika kitanda chake shuka safi, na nilipokuwa natandika nilikuwa bado naomba. Ningependa kusema kwamba saa ile, mwenzangu akiwa kati ya uhai na mauti, niliomba ajifungue salama tu. Niliomba ajifungue salama, na nikaomba na lile lingine.

Simu ilipigwa adhuhuri. Binti yangu mkubwa alipokea, akasikiliza, akakaa chini hapo hapo alipokuwa.

"Kaka," aliwaambia wadogo zake. "Tumepata kaka."

Wakashikana wale watatu, wakalia na kucheka pamoja. Mdogo wao akauliza, basi nyumba haiuzwi? Mkubwa akamwambia haiuzwi. Kumbe nao walisikia maneno ya sheikh siku ile na walikuwa wameyabeba kimya kimya kama mimi, ila wao walikuwa wanaomba upande wa pili. Wakanigeukia nami nikawakumbatia. Nilisema alhamdulillahi. Niliisema kwa mdomo, na nikaingia chumbani nikalala nimeelekea ukutani mpaka waliporudi.

Walirudi siku ya pili. Shemeji alikuwa barazani anangoja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mtoto alikuwa hajaadhiniwa, shangazi alikuwa amekataa asiadhiniwe na mtu wa pembeni, akasema ami yake yupo. Nikachungulia kando ya pazia. Shangazi alimpa shemeji lile furushi, naye akalipokea kwa mikono miwili. Mtoto yule kwa kuzaliwa kwake tu alikuwa amemtoa shambani, na hakuna mtu pale asiyelijua hilo. Shemeji akainama kwenye sikio la kulia, akaadhini kwa sauti ya chini, bila haraka, bila kuruka neno. Kisha akakimu katika sikio la kushoto. Alipomaliza akambusu paji la uso, akamwambia karibu baba.

Nilimwonea wivu hata yeye. Amepoteza kitu cha kweli, ardhi inayoshikika, na uso wake ulikuwa umetulia. Mimi sijapoteza kitu, nimepata nyumba, na nilikuwa nimeling'ang'ania pazia.

Ndani, mwenzangu akaoga, akavua nguo nyeupe. Eda yake ilikuwa imekwisha. Akavaa kanga mpya nyekundu aliyoletewa na ndugu zake, akakaa kitandani ameegemea mto. Mimi nilibaki na nyeupe zangu kwa wiki kadhaa zaidi. Shangazi aliniletea mtoto bila kuniuliza kama nataka, akaniwekea mapajani, akaenda kuchemsha maji.

Nikamfunua kichwa. Alikuwa na masikio ya baba yake. Wanangu wote watatu wamechukua kwetu, masikio madogo yaliyolala. Haya yalikuwa makubwa, yamesimama, na la kushoto limekunjika juu kidogo. Lile sikio nililijua. Nililala nalo ubavuni miaka mingi, na nilidhani nimeliona mara ya mwisho lilipofunikwa sanda. Hapo ndipo nililia kilio changu cha msiba, ambacho nilikuwa sijakilia. Shamba halikuwemo ndani yake, wala zamu. Nilitaka arudi, na amerudi kidogo tu, kiasi cha sikio, na hata huko hakupitia kwangu.

Mwenzangu alinisikia kutoka chumbani kwake. Hakuja. Namshukuru kwa hilo.

Sheikh aligawa mirathi nilipomaliza eda. Shemeji alikuwepo, akasaidia kuonyesha mipaka, na ndiye anayewasimamia watoto mpaka leo. Hakuna kilichouzwa. Mwenzangu alirudi kwenye kazi yake ya kulima mwani, maana mtoto hali masikio ya baba yake. Maji yakitoka hushuka pwani, na mimi hubaki na mtoto. Ninamwosha, ninamlisha uji, ninamwimbia zile zile nilizowaimbia dada zake. Siku nyingine ninampenda. Siku nyingine namwona anacheka na mama yake, na kile kitu kinanipanda kifuani kama siku ya kwanza. Nilidhani kitapungua. Bado.

Mwezi uliopita siku ya kupima uzito iliangukia siku ya mwani, nikampeleka mimi. Kwenye benchi la kliniki nilikaa karibu na mwanamke nisiyemjua. Alinisalimu shikamoo, nikamwitikia marahaba. Lafudhi yake ilikuwa ya mbali, ni mke wa mvuvi wa dago, hawa wanaokuja kukaa kwetu kwa msimu. Alikuwa na msichana mgongoni, mwingine mapajani, na wawili wakubwa wamesimama wameshika kanga yake. Alimtazama mtoto wangu kwa muda. Aliuliza kama ninao wengine. Nikamwambia ninao, wasichana watatu.

"Kisha huyu?"

"Kisha huyu."

Akasogea. Akashusha sauti, wale wakubwa wasisikie.

"Ulikula nini, mama?"

Niliuona uso wake. Nilikuwa naujua uso ule kwa ndani, sikuwahi kuuona kwa nje. Macho yalikuwa hayatoki kwa mtoto, yanamshika miguu, yanamshika masikio. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba si wangu, ni wa mke mwenzangu, mimi nimembeba tu. Maneno yalikuwa tayari.

"Sikula kitu," nilimwambia. "Alikuja tu."

Aliitikia kwa kichwa, akamrekebisha msichana wake mapajani. Nilipoitwa nikainuka, nikampeleka mtoto kwenye mizani nikijua kwamba ananitazama mgongo. Nilitembea polepole. Nilikuwa sijawahi kutazamwa hivyo na mwanamke mwingine, na sitadanganya, nilikufurahia kutazamwa huko njia yote mpaka kwenye bajaji.

Nyumbani mwenzangu alikuwa ndiyo kwanza anapanda kutoka pwani, kanga imelowa mpaka kiunoni, mikono imekauka chumvi. Mtoto alimwona kabla yangu. Akajinyoosha begani kwangu, akanisukuma kifua kwa mguu, akaenda kwake kwa mikono miwili. Nikamwachia.